Kabla ya Kabati la Vioo, Paa

Abiria anayeshuka boti ya Unguja na kuvuka barabara ya Sokoine anapita mbele ya jengo kongwe kuliko yote yaliyosalia katikati ya Dar es Salaam, na mara nyingi anapita bila kulijua. Ni Boma la Kale, pale kona ya Morogoro. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alilijenga mwaka 1866 na 1867 ili wageni wa kasri lake wapate pa kufikia. Kasri halipo tena. Majid alifariki mwaka 1870 mji ukiwa haujakamilika, mdogo wake Barghash akauelekeza moyo wake wote Unguja, na majumba yaliyoanzwa kando ya bandari yakaachiwa mvua. Wajerumani walipotia nanga mwaka 1887 walichukua kilichokuwa kimesimama. Nyumba ya wageni ikawa ofisi, na jina la Boma likaganda.

Tangu mwaka 2017 jengo hilo limekuwa na Kituo cha Urithi wa Usanifu wa Majengo cha Dar es Salaam, ambacho wengi wanakijua kwa kifupi cha DARCH. Ni hatua kubwa, na inafaa iwe ya kwanza, isiwe ya mwisho. Mkoa huu ulihesabiwa watu 5,383,728 katika sensa ya 2022. Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 1940, yanabeba taifa zima, kuanzia fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959 hadi magari ya viongozi. Mji wenyewe, yaani Mzizima, bandari, Kariakoo, migomo ya makuli, daladala na ngoma za kina mama, unastahili nyumba yake, na hakuna nyumba inayofaa kuliko iliyobaki ya yule aliyeuanzisha kama bandari.

Shida ni kwamba jumba la kifalme likigeuzwa makumbusho, kazi huwa inaanzia mwisho. Watu wanafikiria makabati ya vioo, taa, mabango na sherehe ya kukata utepe, ilhali jumba lenyewe ndicho kifaa cha kwanza katika mkusanyo wa makumbusho hayo, na ndicho kifaa pekee ambacho hakiwezi kuhamishiwa stoo mvua ikinyesha.

Unguja imeshatoa somo, na limetolewa kwa roho za watu. Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, lilijengwa na Barghash mwaka 1883 na baadaye likawa makumbusho ya historia na utamaduni, na uani mwake paliwekwa mfano wa mtepe, chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba. Mwaka 2012 kipande cha roshani kilianguka. Tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiendelea, sehemu kubwa ya mbele ikaporomoka, na mafundi wawili wakafariki. Jirani yake, Beit al-Sahel, lililobomolewa vibaya kwa mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896 na kujengwa upya, lilikuwa makazi ya masultani hadi Mapinduzi ya 1964, na tangu 1994 ni Makumbusho ya Kasri. Majumba haya mawili yanapakana na yote yanatazama bahari ile ile. Lakini la Maajabu lina nguzo ndefu za chuma na nafasi pana ambazo nyumba ya kawaida ya mawe haina, na chuma kikishikwa na kutu kinavimba, kinapasua kilichokizunguka, na hakitoi taarifa mapema. Kwa hiyo anayetaka kugeuza jumba lolote la pwani kuwa makumbusho aanze kwa kuuliza limejengwa kwa vifaa gani. Swali la litaonyesha nini lisubiri.

Boma la Kale ni la mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta wa nyumba za aina hii una unene wa sentimita 50 hadi 60, wakati mwingine zaidi, na ndani yake hakuna tofali hata moja. Ni mawe yasiyochongwa, yaliyojazwa udongo mwekundu, mchanga na chokaa iliyochomwa kwa kupanga magogo na juu yake matumbawe. Juu ya kuta zimelazwa boriti za mikoko, zikiachana kama sentimita 30 hadi 40. Boriti nzuri haizidi sana mita 3, na hapo ndipo siri ya vyumba vya majumba ya pwani ilipo: ni virefu lakini vyembamba, kwa sababu upana wake uliamuliwa na mti wa baharini kabla fundi hajaamua chochote. Juu ya boriti kuna mawe mepesi, kisha zege ya chokaa iliyotwangwa kwa vigongo siku nyingi hadi ikashikana. Sakafu ni hiyo hiyo, na paa la bapa ni hilo hilo.

Jengo la namna hii linapumua. Linakunywa maji kidogo wakati wa masika na kuyatoa kiangazi kupitia lipu yake laini. Likiachwa lifanye hivyo, linakaa miaka 150. Likizuiwa, linaanza kuoza kwa ndani huku kwa nje likionekana jipya.

Kizuizi kikubwa ni saruji. Fundi akiitwa kurekebisha lipu iliyomomonyoka, kitu cha kwanza mkononi mwake ni mfuko wa saruji, na hana kosa, kwa sababu hicho ndicho alichofundishwa na ndicho kinachouzwa kila duka la vifaa. Lipu ya saruji ni ngumu kuliko ukuta ulio nyuma yake na haipitishi unyevu kirahisi. Maji yaliyopanda kutoka ardhini, au yaliyoingia kwa ufa wa juu, yanakosa njia ya kutokea. Yanazunguka ndani yakibeba chumvi, ambayo mji wa bandari hauikosi, iwe ni ya hewa ya bahari au ya mchanga wa ufukweni uliotumika bila kuoshwa. Yanapopata upenyo wa kukauka, chumvi inabaki nyuma ya rangi na kuwa punje ndogo zinazokua na kusukuma. Mtu akipita mkono kwenye ukuta wa namna hiyo anakuta malengelenge. Akikwangua lengelenge moja kwa ukucha, rangi inatoka kama ganda la yai, nyuma yake kuna unga mweupe wenye ladha ya chumvi, na nyuma ya unga huo chokaa ya zamani imeshakuwa vumbi. Akigonga kwa kifundo cha kidole pembeni yake, anasikia mlio wa mtungi mtupu. Hapo lipu haijashika kitu, inajishikilia yenyewe tu.

Wengi wakiona hivyo wanaamuru kupaka rangi upya. Rangi ya plastiki juu ya ukuta wa aina hiyo ni kifuniko cha pili juu ya kifuniko cha kwanza.

Dawa inajulikana, ila ni ya taratibu. Saruji inatolewa kwa nyundo na tindo, kidogo kidogo, kuanzia juu kwenda chini. Mashine ya kupasulia zege isiguse ukuta wa matumbawe, maana mtikisiko wake unalegeza mawe ambayo hayakuwa na tatizo. Viungo vinakwanguliwa kina cha sentimita 2 au 3, vumbi linafagiliwa, ukuta unaachwa wazi ukauke kiangazi kimoja ikiwezekana. Chokaa inaandaliwa mapema. Chokaa hai, yaani iliyochomwa na bado haijaguswa na maji, inamwagwa kwenye pipa lenye maji, na kamwe maji yasimwagwe juu ya chokaa hai, kwa sababu inachemka na kuruka, na macho yaliyorukiwa na chokaa yanaweza kupofuka. Miwani na glavu si anasa hapo. Ikishatulia inachujwa na kulowekwa chini ya maji kwa miezi isiyopungua 3. Inachanganywa debe moja kwa madebe matatu ya mchanga wa mtoni uliooshwa, kwa kipimo kile kile cha debe, si kwa koleo la kukadiria. Ukuta unanyunyiziwa maji, kisha lipu inapigwa kwa tabaka lisilozidi milimita 10 hadi 12, na tabaka la pili linangoja la kwanza likaze. Magunia mabichi yanatundikwa mbele yake siku kadhaa, jua lisilifikie. Chokaa haikauki kama saruji. Inakaza kwa kuvuta hewa, na ikikaushwa haraka inapasuka au inabaki unga. Mwisho unapakwa maji ya chokaa, mepesi kama maziwa, mikono minne au mitano, kila mmoja ukipumzika siku moja. Anayepaka mkono mmoja mzito ili amalize Ijumaa atauona ukidondoka kabla ya vuli.

Hesabu hiyo ya miezi ndiyo inayovunja miradi mingi. Fedha za ufadhili huja na mwaka wake na tarehe yake ya mwisho, na mwaka huo haukupangwa kwa kuangalia masika. Mradi unaosaini mkataba Januari na kutaka lipu iwe imekwisha Mei umeshachagua saruji kabla fundi hajafika. Miezi mizuri ya lipu ya chokaa hapa Dar ni ya kusi, kuanzia Juni, wakati mvua zimepungua na jua si kali. Kwa hiyo chokaa iwe imeshalowekwa kufikia Machi, na zabuni iwe imetangazwa mwaka uliotangulia.

Sasa paa, ambalo ndilo lingetangulia kama makala hii ingefuata mpangilio wa eneo la kazi. Chukua paa la mita za mraba 400. Mvua ya milimita 50 kwa alasiri moja, ambayo kwa masika ya Dar si ya ajabu, inamwaga juu yake lita 20,000, yaani matangi mawili ya lita 10,000 ndani ya saa chache. Maji hayo yana sehemu ya kwenda au hayana. Majani ya mwarobaini, manyoya ya kunguru na chupa ya plastiki iliyorushwa na upepo vinatosha kuziba tundu moja, na paa likigeuka bwawa kila lita moja ni kilo moja. Gata liwe pana, mabomba ya kushusha maji yawe ya inchi 4 kila baada ya mita 8 au 10, si moja kila pembe, na chini yaishie kwenye mfereji unaokwenda mbali na msingi. Vipoza hewa vilivyofungwa ukutani vinaleta mvua yao wenyewe: tone moja kila sekunde chache, mwaka mzima, mahali pale pale. Alama ya kijani chini ya kipoza hewa kwenye jengo la kale ni ramani ya uozo.

Na mguu wa ukuta usisahauliwe. Kila barabara ikiwekewa lami mpya juu ya ile ya zamani inapanda, na baada ya miongo kadhaa jengo linakuwa kama limezama. Maji ya barabarani yanageukia ukutani. Kinachotakiwa ni mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, kwa upana wa angalau mita moja na nusu kuzunguka jengo, na mfereji wa changarawe badala ya sakafu ya saruji iliyobanwa hadi kwenye ukuta, ambayo inaulazimisha unyevu upande juu kwa kuwa umekosa pa kutokea pembeni.

Tumezoea kusema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa jumba la matumbawe msemo huo unahitaji subira. Ufa hauzibwi kabla ya kujulikana kama umelala au unatembea. Njia ni rahisi: vipande vidogo vya kioo vinagandishwa kwa plasta juu ya ufa, na tarehe inaandikwa kwa kalamu ya risasi. Kioo kikipasuka, ukuta unasogea, na kinachotafutwa ni sababu, iwe bomba la maji taka linalovuja chini ya msingi, mzizi wa mti, au uzito ulioongezwa juu. Kisipopasuka kwa mwaka mzima, yaani masika moja, vuli moja na kiangazi chake, ufa huo umelala na unaweza kujazwa chokaa. Ukijazwa saruji ungali unatembea, utafunguka tena pembeni yake na utakuwa umebeba kabari ngumu ndani yake.

Uzito ndio unaotofautisha nyumba ya kuishi na makumbusho. Tabia ya miaka mingi ni kwamba paa la bapa au sakafu ikivuja, linaongezwa tabaka la saruji juu. Sentimita 5 za saruji ni zaidi ya kilo 100 kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mita 3 kwa 6, ambacho ndicho chumba cha kawaida cha boriti, kinakuwa kimebebeshwa karibu tani 1.9 kwa ukarabati mmoja. Ukirudiwa mara tatu, boriti zile zile zilizolazwa na fundi wa Majid zimebeba zaidi ya tani tano na nusu ambazo hazikuwamo katika hesabu zake. Hapo mwanafunzi wa kwanza hajaingia.

Sakafu ya nyumba ya kuishi huhesabiwa kwa mzigo wa kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba. Sakafu ya makumbusho huhesabiwa kwa kilo 400. Darasa la watoto 45, kila mmoja kilo 40, ni kilo 1,800. Wakitawanyika chumba kizima hakuna neno. Lakini watoto hawatawanyiki. Mwongozaji akisema njooni muone, wote 45 wanajibana mbele ya kabati moja lililowekwa katikati ya chumba, mahali boriti inapopinda zaidi. Kwa hiyo makabati mazito yakae kando ya ukuta, juu ya ncha za boriti, kundi la ghorofani lisizidi watu 20, na idadi hiyo iandikwe mlangoni kwa herufi kubwa. Kuandika idadi ya watu hakuhitaji mfadhili.

Ncha za boriti zenyewe ndiko ugonjwa unakoanzia. Katikati ya chumba boriti inaonekana na kila mtu, imara na nyeusi kwa umri. Sentimita 15 au 20 zake za mwisho zimo ndani ya ukuta, gizani, kwenye unyevu, na mchwa anafikia huko bila kuonwa. Mkaguzi anayetazama dari kwa macho tu hajakagua. Achukue bisibisi nyembamba aisukume pale boriti inapoingia ukutani: ikizama zaidi ya sentimita moja bila nguvu, ncha imekwisha. Agonge kwa nyundo ya mbao na kusikiliza. Mti mzima unalia, uliooza unanyamaza. Boriti iliyoharibika inabadilishwa moja baada ya nyingine, dari ikiwa imeegemezwa kwa mirunda na mbao pande zote mbili, na ile mpya inaachiwa nafasi ya hewa kuzunguka ncha yake badala ya kuzibwa kwa saruji. Boriti mpya za mikoko zinahitaji kibali, kwa sababu misitu ya mikoko imehifadhiwa kisheria, kwa hiyo maombi yaanze mapema. Kuna wanaoona ni rahisi kuondoa boriti zote na kumwaga zege ya nondo. Zege hiyo ni nzito kuliko iliyotolewa, nondo zake zitashikwa na kutu ya hewa ya bahari, na ukuta wa chokaa utabebeshwa kitu kigumu kisichopinda pamoja nao. Zaidi ya yote, kifaa cha kwanza cha makumbusho kitakuwa kimetupwa kwenye lori la kifusi.

Yote hayo yakishafanyika, makabati yaje. Hewa ya Dar asubuhi mara nyingi ina unyevu unaopita asilimia 80, na ukungu unaanza kuota kwenye nguo na karatasi unyevu ukikaa juu ya 70. Jibu la haraka ni kiyoyozi, na kiyoyozi kinachowashwa saa tatu asubuhi na kuzimwa saa kumi na moja jioni ni kibaya kuliko kutokuwa nacho. Mbao zinasinyaa mchana na kuvimba usiku, kila siku, hadi gundi inaachia na nakshi zinapasuka. Bora feni, madirisha yenye wavu na kuta nene zenyewe, ambazo zilibuniwa kwa hewa hii hii, na kabati chache zilizofungwa vizuri kwa vitu dhaifu. Kanga ya zamani, barua, kadi ya uanachama na picha za karatasi zisipate mwanga zaidi ya lux 50 (lux ni kipimo cha nguvu ya mwanga), na zisikae nje zaidi ya miezi 3 au 4 kwa mwaka. Nakala iliyochapishwa vizuri ikae ukutani, ya asili ilale kwenye bahasha. Nguo ikija kutoka mtaani na wadudu wake isiingie stoo moja kwa moja: ifungwe kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, ikae kwenye friza la nyuzi 20 chini ya sifuri wiki mbili, kisha iachwe siku nzima ndani ya mfuko huo huo kabla ya kufunguliwa, ili umande utande nje ya plastiki na si juu ya nguo.

Kuhusu usajili hakuna mjadala. Kila kitu kinapata namba siku kinapopokelewa, na jina la aliyekitoa, mtaa wake, na maelezo yake kwa maneno yake mwenyewe. Kitu kisicho na maelezo hayo ni pambo tu.

Lakini maelezo ya nani? Jumba la mfalme lina tabia ya kusimulia wafalme. Kitanda, kiti, picha yenye fremu ya dhahabu, basi. Makumbusho ya Kasri pale Unguja yana nafasi ya Salme, dada yao Majid na Barghash, aliyeondoka Zanzibar mwaka 1866 na kuishia Ujerumani, na hadithi yake inawavuta wageni wengi kwa haki kabisa. Mwaka ule ule alioondoka, kaka yake alikuwa anajengesha upande huu wa bahari. Mawe yalibebwa na watu. Sehemu kubwa ya kazi ile ilikuwa ya watumwa. Soko la watumwa la Unguja lilikuja kufungwa mwaka 1873, miaka mitatu baada ya Majid kufariki. Pwani hii nayo haikuwa tupu. Mzizima ilikuwepo, kijiji cha wavuvi na wakulima, na Washomvi na Wazaramo wakiwa na makubaliano yao na ugomvi wao kuhusu ardhi na ushuru. Makumbusho ya historia ya mji yanayoanza na neno kwamba Majid aliuanzisha mji yameshakosea sentensi ya kwanza.

Kisha miaka inafuatana, na kila mmoja unastahili chumba. Mwaka 1891 Wajerumani walihamishia makao makuu ya koloni lao hapa kutoka Bagamoyo. Mwaka 1914 meli za Waingereza zikapiga mizinga mji huu na jumba la gavana likaharibika. Lililojengwa upya mahali pale mwaka 1922 ndilo Ikulu ya Dar es Salaam ya leo. Jina la Kariakoo linatokana na kikosi cha wapagazi wa vita ile, ambao wengi wao hawakurudi kwao. Kuna mgawanyo wa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, uliochorwa kwenye ramani za mji na bado unasomeka ukitembea kwa miguu kutoka Kivukoni hadi Ilala. Kuna mgomo wa makuli wa bandarini mwaka 1947. Kuna tarehe 7 Julai 1954, TANU ilipoanzishwa, na kina mama waliokusanywa na Bibi Titi Mohamed kutoka kwenye vyama vyao vya ngoma. Historia hiyo ya mwisho haiko kwenye mafaili mengi ya serikali. Iko kwenye masanduku ya bibi zetu Magomeni, Temeke na Buguruni, ndani ya kanga zilizokunjwa na picha za studio zilizogandiana kwa joto. Makumbusho yanayoingoja ije mlangoni hayataipata. Yatume watu wawili wenye kinasa sauti, fomu ya ridhaa, na subira ya kurudi mara ya pili, maana mara ya kwanza bibi atasema yeye hana historia.

Tuutazame mlango, kwa sababu mgeni anaugusa kabla ya kitu kingine chochote. Mlango wa nakshi wa pwani una mbao mbili zinazokutana kwenye mfaa, ule mti wa wima wa katikati uliochongwa kuliko sehemu nyingine yoyote, na miimo miwili pembeni, na juu kizingiti. Kwenye miimo mara nyingi kuna mnyororo uliochongwa pembezoni, na chini mawimbi au samaki. Mwongozaji mzuri anaweza kufundisha historia ya bahari ya Hindi kwa dakika kumi akiwa amesimama hapo hapo: mti umetoka wapi, shaba imetoka wapi, nani alichonga, nani aliruhusiwa kupita. Na mlango huo ndio unaoteswa zaidi. Kabla ya sherehe unapakwa vanishi inayong'aa, ambayo jua la magharibi linaibabua ndani ya miezi, ikaanza kubanduka na kuziba mistari ya patasi. Au unapakwa mafuta ya nazi, ambayo hayakauki, yanashika vumbi la barabara na masizi ya magari, na nakshi inageuka tope jeusi. Brashi laini kila wiki, kitambaa kikavu, mafuta ya kitani mepesi sana mara moja kwa mwaka yakifutwa yote yasiyonywewa na mti, basi inatosha. Na pawepo kivuli juu yake.

Ndani, baada ya mlango, ningeshauri ukuta mmoja uachwe bila lipu kwa eneo la mita moja ya mraba. Usiwekewe kioo. Mtoto wa shule ya msingi aweke kiganja kwenye tumbawe, auone mdomo wa konokono wa baharini ulioganda katikati ya jiwe, ajue kwamba jumba la sultani limetoka chini ya maji yale yale anayovuka kwenda Kigamboni. Maelezo yake yawe kwa Kiswahili, mistari sita isizidi, na mstari wa kwanza uwahusu waliobeba mawe.

Gharama ya kuendesha jumba baada ya utepe kukatwa haina mvuto kwa wafadhili, na ndiyo inayoamua kama jumba litakuwepo. Sehemu ya mapato ya tiketi ifungwe kwa ajili ya paa na mifereji pekee, isichukuliwe kulipia umeme wala posho. Fundi mwashi mmoja anayejua chokaa aajiriwe moja kwa moja, pamoja na kijana anayejifunza kwake, kwa sababu ufundi huu unakufa na mtu. Na pawepo daftari la jengo, kama lile la vifaa: kila ufa na tarehe yake, kila boriti na namba yake, kila mara gata liliposafishwa na jina la aliyelisafisha. Masika huanza Machi. Mtu wa kupanda juu na fagio na ndoo awe amepangwa Januari, na Februari mkuu wake apande naye ngazi hiyo akaone mwenyewe kwamba matundu yote yanapitisha maji.